Alama ya Kijani ya Kitanda Namba Moja

Mimi si mwoga, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nyoka aliyeingia bafuni kwetu nilimmaliza mimi kwa mpini wa ufagio, mume wangu akiwa amesimama juu ya kiti anatoa maelekezo. Lakini siku ile, saa saba na robo mchana, jua linawaka nje na feni inazunguka juu ya kichwa changu, niliogopa mpaka meno yakawa yanagongana. Kilichonitisha ni picha moja kwenye kompyuta yangu. Haikuwa na damu wala maiti. Ilikuwa na jina la mwanamke na alama ya kijani.

Ngoja kwanza nieleze kazi yangu, maana hata mama mkwe wangu, ninayeishi naye mwaka wa sita huu, anawaambia watu kwamba mimi nalipwa kwa kuchezea simu.

Kampuni yetu ilitengeneza tovuti wanayotumia manesi wa hospitali ya mji wetu. Nesi anapita wodini na kishikwambi chake mkononi, anaona orodha ya wagonjwa, dawa ya kila mmoja na saa yake. Akishampa mtu dawa anabonyeza kitufe cha "Amepewa", alama ya kijani inatokea, na wenzake wote wanajua kwamba huyu tayari. Sisi kila wiki tunabadilisha kitu kwenye tovuti hiyo, na kabla mabadiliko hayajafika kwa manesi, lazima yapite kwangu. Nina rafu ya chuma ya ngazi nne, imepangwa vishikwambi kumi na moja na simu sita, vipya kwa vikuukuu, kila kimoja na waya wake wa chaji. Hakuna mkono unaovigusa. Niliandika programu inayofungua kivinjari kwenye kila kifaa, inachagua mgonjwa wa kwanza kwenye orodha, inabonyeza "Amepewa", inapiga picha ya skrini, basi. Nilimwita Kidole, kwa kuwa kazi yake maishani ni kubonyeza.

Kidole alikuwa anafanya kazi mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, saa zile zile ambazo manesi nao wanagawa dawa, kwa sababu ndipo tovuti inapoelemewa. Ukiingia chumbani kwangu saa hizo utakuta skrini kumi na saba zinajiwasha zenyewe na kujibonyeza zenyewe. Mfagizi wetu alikataa katakata kuingia. "Mimi na majini, kila mtu na njia yake," alisema, akaniachia ufagio mlangoni.

Wagonjwa wa Kidole walikuwa wa kubuni. Majina niliwapa mimi: Bibi Presha, Bwana Chumvi Nyingi, Mzee Sitaki Sindano. Waliishi kwenye seva ya ofisini, katika wodi ya uongo ambayo ilikuwa inafutwa kila alfajiri na kuanza upya. Lakini anwani ya tovuti ilikuwa ile ile ya manesi. Ukiwa kwenye mtandao wa ofisi, anwani hiyo inakupeleka kwenye wodi ya uongo. Ukiwa kwenye mtandao mwingine wowote, inakupeleka hospitalini kweli. Mkuu wetu aliipenda sana hiyo. "Jaribu kile kile anachotumia nesi," alikuwa anasema, na mimi nikaona kweli, hapo tumetumia akili. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza itakuwaje kifaa kimoja kikiponyoka kwenye mtandao wa ofisi.

Sasa siku hiyo Mkuu alikuwa na wageni saa nane, akanituma nimchagulie picha za skrini za kuwaonyesha. Nikafungua kabrasha la asubuhi. Kifaa cha kwanza, Bibi Presha, kijani. Cha pili, Bibi Presha, kijani. Nilikuwa nazipitisha huku natafuna karanga. Kifaa cha kumi na saba, jina sikulijua.

Nikaacha kutafuna. Lilikuwa jina la mtu kamili, majina matatu. Miaka ishirini na sita. Wodi ya wazazi, kitanda namba moja, siku ya tatu baada ya upasuaji wa kujifungua. Dawa: sindano ya kuzuia damu kuganda, saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Amepewa. Na pembeni juu, jina la nesi aliyempa lilikuwa la wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye saa tatu asubuhi hiyo alikuwa chumba cha uani nyumbani kwangu anakoroma baada ya zamu ya usiku.

Nilijiambia pengine ni mzaha wa mtu. Nikafungua kabrasha la jana usiku. Kifaa cha kumi na saba, mwanamke yule yule, sindano ya saa tatu usiku. Amepewa. Kijani tupu.

Niligeuka nikaitazama rafu, ngazi ya chini kabisa, pembeni, kishikwambi chenye kifuniko cha bluu na kioo chenye nyufa.

Kile nilikileta mimi kwa mkono wangu. Jana yake asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, wifi alikitoa kwenye mkoba akakiweka mezani. "Wifi, nimekuletea mgonjwa. Kaanguka kutoka kitandani."

"Na wewe mbona unaangusha vitu vya watu?" nikamtania.

"Vinaanguka vyenyewe! Mngeviwekea mikono vijishikilie."

Tukacheka. Nikakipeleka ofisini ili fundi akibadilishe kioo, lakini fundi hakuwepo, na kwenye rafu yangu kishikwambi kimoja kilikuwa kimekufa betri. Nikaona nafasi isikae wazi, nikakichomeka pale. Kioo kibovu hakimsumbui Kidole. Sasa pale ukutani kwangu kuna karatasi, niliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: kifaa chochote kutoka nje kifutwe kila kitu na kitolewe laini kabla hakijagusa rafu. Nikasema nitakifuta kesho. Na Kidole wangu nilimfundisha kwamba akikuta kifaa tayari kimo ndani kwa jina la mtu, asihangaike kuingia upya, aendelee tu. Kila kifaa kilikuwa kinaokoa sekunde kumi, na nilijisifu sana kwa sekunde hizo.

Nikapiga magoti sakafuni, nikang'oa kile kifuniko cha bluu kwa kucha. Laini ilikuwemo, ya hospitali. Mtandao wa ofisi ngazi ile ya chini unapepesuka siku zote, uko nyuma ya kabati la chuma. Ulipokatika, kishikwambi kikahamia kwenye laini yake, na Kidole akapita moja kwa moja mpaka wodini. Mgonjwa wa kwanza kwenye orodha ni wa kitanda namba moja. Kitanda namba moja kiko karibu na meza ya manesi, na hapo wanalazwa wale wa kuangaliwa kwa jicho la karibu. Hayo aliwahi kuniambia wifi mwenyewe.

Mungu wangu. Kama manesi waliiamini ile alama, mwanamke huyu hajachomwa sindano tangu jana asubuhi.

Nikampigia wifi. Simu imezimwa, kwa sababu akitoka zamu ya usiku huwa anaizima. Nikampigia mama mkwe.

"Mama, shikamoo, tafadhali mwamshe wifi."

"Marahaba. Mtoto wa watu kakesha, saa hizi ndiyo usingizi umekolea. Kuna nini?"

"Mama, mwamshe."

"Si ungengoja hata saa kumi..."

"Mama, mwamsheee!"

Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti mama mkwe wangu, na nadhani hilo ndilo lililomwinua. Nilisikia ndala zake zikiburuzika, mlango ukigongwa, kisha sauti nzito ya usingizi. "Wifi? Kaka yupo salama?"

"Yupo salama. Nijibu swali. Jana usiku, kitanda namba moja, ulimchoma sindano yake ya saa tatu?"

"Alama ilikuwepo."

"Sijakuuliza alama! Nimeuliza ulimchoma?"

"Wifi," akasema polepole, na sasa usingizi ulikuwa umemtoka wote, "ilikuwa na jina langu. Tulikuwa manesi wawili, wazazi ishirini na wanane, na mmoja alikuwa anatoka damu. Nilipofika kitandani kwake nikakuta kijani na jina langu. Nikajiambia nimechoka, nimemchoma nimesahau."

"Hukumchoma."

"Kwa nini unasema hivyo? Wifi, kwa nini unasema hivyo?"

"Njoo hospitali," nikamwambia, nikakata.

Simu ya wodini ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikapiga mara ya tano huku nimeshachomoa kile kishikwambi na nimeshakipakata, ndipo Mkuu akaingia, tai shingoni, tayari kwa wageni wake. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alikaa kwenye ukingo wa meza yangu. Nilimwona rangi ikimtoka, na kwa muda kidogo nikadhani tuko pamoja.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Wifi yangu."

"Basi tulia. Tulia kabisa. Kwanza tuzime rafu yote. Halafu tuhakikishe. Pengine manesi waliona kosa wakamchoma tu. Ukipiga simu sasa hivi unakiri kitu ambacho hatujui kama kimetokea. Ngoja nimtafute mwanasheria."

"Mkuu, mtu ana mshono tumboni na damu yake inaganda."

"Hujui kama inaganda."

"Na wewe hujui kama haigandi!"

"Fikiria ajira yako," akasema kwa upole. "Fikiria ya wifi yako. Jina lililopo pale ni lake."

Nitasema ukweli, maana nimeshaanza: nilifikiria. Nilisimama na kile kishikwambi kifuani na nikafikiria kwamba kumbukumbu zote zilikuwa mle ndani na kwenye picha zile mbili, kwamba kuzifuta ni dakika mbili, na kwamba karatasi yangu ya wino mwekundu inaniamuru nikifute. Nikifuta, imebaki alama ya nesi aliyechoka. Nilifikiria hivyo kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, na mpaka leo nikikumbuka huwa naona aibu hata nikiwa peke yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa karibu kumtwisha dada wa mume wangu mzigo wangu mimi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia Mkuu, na nikatoka. Nyuma yangu alikuwa anaita jina langu kwenye ngazi, si kwa upole tena.

Pikipiki niliyopanda ilikimbia, ila mimi niliona inatambaa. Kila taa nyekundu nilikuwa nahesabu masaa kwa vidole: jana saa tatu asubuhi mpaka leo saa saba na nusu, masaa ishirini na nane na nusu. Nikarudia kuhesabu, labda nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Wodi ya wazazi iko ghorofa ya pili. Sista mkuu alikuwa mezani, mwanamke mpana, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mkonga wa simu umelazwa kando kwa sababu simu ilikuwa inamkera. Nikauona ule mkonga na nikatamani kulia.

"Sista, shikamoo."

"Marahaba. Kuona wagonjwa ni saa kumi."

"Sijaja kuona mgonjwa. Kitanda namba moja hajachomwa sindano yake ya asubuhi. Wala ya jana usiku."

Alinitazama juu mpaka chini, akavuta kishikwambi chake, akagusa skrini mara mbili. "Amechomwa zote. Hizi hapa."

"Hizo alama nimeziweka mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayeijaribu hii tovuti. Kuna roboti yangu..."

"Roboti kaingia wodini kwangu?"

"Hakuingia. Amebonyeza akiwa ofisini. Sista, nakuomba, mchome huyo mama."

Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. "Sikiliza, binti. Dawa hii si maji ya kunywa. Ana mshono wa siku tatu. Nikimchoma mtu aliyekwisha kuchomwa, akaanza kuvuja kwa ndani, nani atazuia hiyo damu? Wewe na roboti yako?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Njia nzima nilikuwa naogopa kwamba hakuchomwa. Sasa nikaogopa kwamba labda alichomwa, na mimi nimekuja kumuua kwa kelele zangu. Nikashika ukingo wa meza.

"Angalia muda," nikasema. "Gusa hapo chini kwenye alama, itakuonyesha mpaka sekunde."

Akavaa miwani. "Jana saa tatu kamili usiku na sekunde nne." Akagusa nyingine. "Leo saa tatu kamili asubuhi na sekunde nne."

"Kuna nesi gani anayechoma sindano sekunde ya nne, siku mbili mfululizo? Sasa soma jina."

Alisoma jina la wifi. Akalisoma tena. "Huyu leo alishatoka zamu saa moja," akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Saa tatu hakuwepo."

"Na mwenyewe mmemuuliza?" nikasema. "Mgonjwa?"

Jibu lilitoka hatua mbili kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

"Nilisema."

Nikageuka. Alikuwa msichana tu, nywele zimesukwa zikafumuka upande mmoja, uso umechoka. Kando yake, kwenye kitanda kidogo cha vioo, palikuwa na kichanga kimezungushiwa shuka ya njano. "Nilisema jana usiku," akasema. "Nikasema na leo asubuhi. Mkaniambia kompyuta haisahau, mimi ndiye niliyesinzia. Na huu mguu nimesema tangu alfajiri."

Sista akafunua shuka. Mguu wa kulia ulikuwa mguu. Wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini, ulikuwa umevimba na kung'aa, ngozi imevutika. Sijasomea udaktari wala unesi, lakini nilijua ninachokiona. Nikaangalia ukutani.

"Mwiteni daktari!" Sista akapaza sauti.

Daktari alikuja anakimbia. Aliuminya ule mguu, yule mama akapiga yowe. Akamuuliza kama anapumua vizuri. "Kifua kinabana kidogo," akajibu. Daktari na Sista wakatazamana, na nadhani hapo ndipo nilipoogopa kuliko pengine pote.

"Wewe," daktari akanigeukia. "Nataka ndiyo au hapana. Alama hizi mbili, zote ni za mashine yako?"

"Ndiyo."

"Una uhakika? Nikianza dawa sasa halafu ikawa hata moja ni ya kweli, mshono ule unaweza kuvuja kwa ndani."

"Usiku wifi yangu, yule nesi, ameniambia kwa kinywa chake alikuta alama tayari ipo, akampita. Na asubuhi alikuwa kwangu amelala. Nina uhakika." Sauti ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba hata mimi nisingejiamini. Nikarudia. "Nina uhakika, daktari. Zote mbili ni zangu."

Wakakitoa kitanda breki. Kikapita mlangoni kwa kasi kwenda kwenye vipimo, na yule mama akanyoosha mkono nyuma, kwa mtoto. "Mwanangu! Mwanangu jamani!" Hakukuwa na ndugu yake yeyote saa ile. Sista alikichukua kile kichanga, akaangaza huku na huku, akanipakatisha mimi. Hakuniuliza kama naweza. "Shika huyu," akasema, akakimbia nyuma ya kitanda.

Nikakaa kwenye benchi la koridoni. Kishikwambi nilikiweka kando; mtoto alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anachezesha midomo akitafuta ziwa, na nilikuwa nimekaa nimemshika mtoto ambaye pengine nimemuulia mama yake kwa kuokoa sekunde kumi. Niliogopa hata kupumua, nisije nikamwamsha akaniuliza. Mtoto wa siku tatu atauliza nini? Lakini ndivyo nilivyowaza. Simu ikatetemeka mfukoni, Mkuu, mara ya kumi na nne. Halafu ujumbe: usiseme neno mpaka mwanasheria afike. Nikaizima.

Wifi alifika na gauni la kulalia ndani, kanga juu, viatu vya mama mkwe miguuni. Alimwona mtoto, akajua ni wa nani. Akakaa karibu yangu, hatukusalimiana. Watu walikuwa wanapita, mlango wa chumba cha vipimo umefungwa.

"Ni mimi," nikasema. "Kile kishikwambi ulichonipa ndicho kilichoweka alama. Sikukifuta. Wewe huna kosa."

"Usinitakase."

"Nasema kweli. Kingefutwa..."

"Alinishika mkono, wifi." Alikuwa anatazama sakafu. "Saa nne usiku. Nilikuwa napita, akanishika hapa, akaniambia, dada, mimi sijachomwa. Unajua nilifanya nini? Nilimwonyesha kishikwambi. Nikakiweka mbele ya macho yake, nikamwambia, si unaona kijani hii? Si unaona jina langu? Akatazama, akaniachia mkono. Akaniambia, samahani dada." Hapo akaanza kulia, bila sauti, mabega tu yanacheza. "Yeye ndiye aliyeniomba samahani."

Ningekuwa na mkono wa ziada ningemshika, ila yote miwili ilikuwa kwa mtoto.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akatoka peke yake. Alivua glavu kwanza. Sijui kwa nini watu hawa huvua glavu kwanza.

"Damu imeganda mguuni," akasema. "Mapafu yako safi, haijapanda huko. Kifua ni hofu tu, na nani asingeogopa? Tumewahi. Nadhani tumewahi. Ingekuwa mpaka usiku..." Hakumalizia, akaenda zake kunawa.

Wakamrudisha kwenye kitanda kile kile, namba moja. Nikampelekea mtoto wake. Alimpokea bila kunitazama, akamnusa kichwani, akamweka kifuani. Nilifungua mdomo nikamweleza mimi ni nani na nimefanya nini, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwomba. Hiyo si ya kuomba siku hiyo hiyo.

Sista akaja na trei ya sindano na kishikwambi juu yake. Wifi alikuwa amesimama ukutani na kanga yake, hathubutu kusogea.

"Aje yeye," mgonjwa akasema.

"Huyu hayuko zamu," Sista akajibu. "Tena ana maelezo ya kuandika, yeye na huyu wifi yake."

"Ataandika. Aje yeye kwanza."

Wifi akanawa mikono kwa muda mrefu. Akasogea, akaishika ile trei, na mkono wake, kwa mazoea tu ya miaka miwili, ukaenda kwenye kishikwambi kutafuta kitufe, kama wanavyofanya wote wakiwa na haraka. Mgonjwa akaweka kiganja chake juu ya skrini.

"Nichome," akasema. "Hiyo baadaye."

Wifi alimchoma. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na niliitazama ile dawa inashuka kwenye bomba mpaka ikaisha yote. Akaitoa sindano, akakandamiza pamba. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mama, akamuuliza, "Dada, nimekuchoma?"

"Umenichoma."

Ndipo akabonyeza.